Mahadhi ya Nani? Injili, Utamaduni wa Watu na Utambulisho wa Mkristo

Hotuba iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika Jubilei ya Miaka Mia Moja



Usharika utimizapo miaka mia moja, historia yake husimuliwa kwa majengo. Huanza na kibanda cha nyasi, hufuata bati, kisha mawe, kisha mnara na kengele. Iko historia nyingine ambayo ni nadra kuandikwa katika mihtasari ya Baraza la Wazee, nayo ni historia ya sauti. Watu waliimba nini? Waliimba kwa mahadhi ya nani? Na ni nani aliyewaambia kwamba mahadhi mengine yabaki nje ya mlango?

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, ambao chama chao baadaye kilihamia Betheli, walifika Dar es Salaam mwaka 1887, Usambara mwaka 1891 na Bukoba mwaka 1910. Wale wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Walileta Maandiko Matakatifu, Katekisimo Ndogo na nyimbo za kwao. Maneno ya nyimbo hizo waliyatafsiri kwa bidii ambayo hata leo inastahili shukrani. Mahadhi hayakutafsiriwa. Katika lugha kama Kichagga, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Wimbo ukipanda mahali ambapo neno linashuka, msikilizaji hubaki akikisia maana. Hivyo wazee wengi walimsifu Mungu miaka mingi kwa nyimbo walizozipenda kwa moyo wote, huku baadhi ya maneno yakiwapita.

Ngoma nayo iliwekwa kando. Ni vema kusema haki hapa. Ngoma nyingi zilifungamana na matambiko, na pombe, na jando na unyago, na si mgeni peke yake aliyezikataa. Mara nyingi Wakristo wa kwanza wenyeji ndio waliokuwa wakali zaidi, kwa kuwa walijua wametoka wapi. Hata Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Buhaya ulidai mwachano ulio wazi na maisha ya zamani. Asiyewahi kuogopa kivuli cha mzimu asiwacheke watu hao.

Lakini kukataa kulikuwa na gharama. Mtu aliyebatizwa alifundishwa, pasipo mtu yeyote kulitamka jambo hilo waziwazi, kwamba ana nafsi mbili: moja ya Jumapili, yenye kiti cha kukalia kimya, na nyingine ya arusini na msibani, ambako mwili wake wote hujua la kufanya. Mgawanyo huo ndio uliorithiwa na watoto na wajukuu.

Wako walioona hatari hiyo mapema. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa muda mrefu huko Kidia, Old Moshi, hadi mwaka 1938, alishikilia kwamba Mungu hamwokoi mtu baada ya kumng'oa katika ukoo, ujirani na rika lake. Katika mafundisho ya Kipaimara aliwaunganisha vijana katika vikundi vya kulindana na kuonyana, akifuata desturi ya Wachagga ya marika. Kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Hata hivyo Gutmann naye alikuwa na upofu wake. Alipenda mno mambo ya kale, akautazama mji na ustaarabu wa kisasa kwa mashaka, kana kwamba Mchagga anayetafuta elimu na kazi mbali na kihamba amepotea njia. Utamaduni aliutaka, ila alitaka ule wa jana. Kosa hilo bado lina wafuasi: ngoma ya babu husifiwa leo katika semina, na muziki wa mjukuu hulaaniwa katika ibada ileile.

Je, asili ya mahadhi ndiyo huyafanya kuwa matakatifu? Historia ya Walutheri wenyewe hujibu. Wimbo wa Krismasi ambao Martin Luther aliutunga kwa ajili ya watoto ulichapishwa mwaka 1535 ukitumia mahadhi ya wimbo wa mafumbo ya mitaani. Mwaka 1539 ukapewa mahadhi mapya, ambayo ndiyo yanayoimbwa hadi sasa. Mrekebishaji huyo hakuogopa kuazima, wala hakuona haya kurudisha alichoazima. Na wimbo wa mateso wa Paul Gerhardt, unaotazama kichwa cha Bwana kilichotiwa miiba, ambao huinamisha vichwa vya watu wakati wa Kwaresima, huimbwa kwa mahadhi ya Hans Leo Hassler ya mwaka 1601. Hassler alikuwa ameyatunga kwa wimbo wa kijana aliyevurugwa akili na mapenzi kwa msichana. Mzee anayeyaona mahadhi hayo kuwa kilele cha utakatifu hakosei. Yametakaswa na maneno, na machozi ya vizazi. Ila yalizaliwa kama zinavyozaliwa nyimbo za mapenzi zinazopigwa leo katika daladala.

Mtume Paulo naye, akiwa Athene, alitumia maneno ya washairi wa Wayunani ambao hawakuwa wakimwimbia Mungu wa Israeli. Aliwahubiria Waathene kwa mashairi waliyokua nayo, kisha akafika kwenye ufufuo, na hapo wengine wakamdhihaki. Mambo hayo mawili hayatengani: aliazima lugha yao, wala hakuwaficha lile ambalo lingewachukiza.

Mwaka 1966, katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, mwanafunzi kutoka Buhaya, Bernard Kyamanywa, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa mahadhi ya kwao. Mwaka huohuo Wilson Niwagila aliandika wimbo wa Roho Mtakatifu, Njoo Kwetu, Roho Mwema. Mwalimu wao Mmarekani, Howard Olson, alikuwa akikusanya mahadhi ya makabila mbalimbali na kuwahimiza wanafunzi wayape maneno ya Injili. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na Uhuru miaka mitano. Vijana hao walikuwa wakijifunza Kigiriki cha Agano Jipya asubuhi, na jioni wakagundua kwamba ufufuo unaweza kutangazwa kwa sauti ya mama zao. Katika miaka hiyohiyo Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977, alikuwa akitafakari jinsi ukoo na Kanisa vinavyokutana katika mtu mmoja aliyebatizwa.

Leo swali limerudi likiwa limevaa nguo nyingine. Tangu redio binafsi ziruhusiwe katika miaka ya 1990 na bongo fleva kuenea, na sasa kwa simu ya mkononi, kijana wa usharika hukua na midundo isiyo ya babu yake wala ya Mjerumani. Akileta kinanda chake na mdundo wake kanisani, huulizwa kama amekuja kuabudu au kucheza. Wengine hujibu kwa kuhama. Wengine hubaki, wakae nyuma, midomo imefungwa. Na hao ndio wa kuwahofia zaidi, maana hakuna anayehesabu waliopo wasioimba.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya saba, linafundisha kwamba umoja wa kweli wa Kanisa hauhitaji desturi za kibinadamu zifanane kila mahali. Injili ihubiriwe kwa usafi na Sakramenti zitolewe kwa haki, basi. Mahadhi yako miongoni mwa mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza. Lakini uhuru huo hauondoi kazi ya kupima. Tamko la Nairobi la Shirikisho la Kilutheri Duniani, la mwaka 1996, lilisema kwamba ibada huvaa utamaduni wa mahali, na pia hupingana nao panapostahili. Wimbo unaomfanya mwanamke kuwa bidhaa, au unaoahidi gari na nyumba kana kwamba Msalaba ni hundi, haufai, hata ukipigwa kwa kinanda cha mabomba na kwaya iliyovaa majoho. Na kipaza sauti kinachofanya waumini mia tano wawe watazamaji wa mwimbaji mmoja kimeharibu ibada ya Kilutheri kuliko ngoma yoyote. Luther aliwarudishia watu wa kawaida wimbo uliokuwa umebaki kwa mapadre na kwaya. Kuwanyang'anya tena kwa umeme ni kurudi nyuma.

Kwa hiyo Kamati ya Muziki ya usharika inapoletewa wimbo mpya wa vijana, ingefaa iache kwanza kuuliza umetoka wapi. Iusome bila mahadhi, isikie unasema nini juu ya Kristo. Kisha iwape watu waimbe, bibi wa safu ya mbele na mtoto wa Shule ya Jumapili, ione kama wanaweza.

Kuhusu wimbo ule wa Makumira, ulitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1969, na tangu mwaka 1993 umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Asubuhi ya Pasaka, katika nchi walikotoka wamisionari wa Bukoba na Kilimanjaro, sharika husimama na kuuimba ufufuo kwa mahadhi yaliyotoka Buhaya.