Anayetibu Hofu Amesomea Nini?

Maelezo ya mtaalamu wa saikolojia tiba kwa wakazi wa kata, katika mkutano wa hadhara



Nimeombwa nijibu swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu neno saikolojia lilipoanza kusikika katika vituo vyetu vya huduma: mtu huyu anayeketi na mgonjwa saa nzima, asimpige sindano wala kumwandikia kidonge, amesomea nini hasa? Swali hili ni la haki. Anayekwenda kwa mtaalamu hupeleka siri zake, muda wake, na mara nyingi fedha iliyotokana na kahawa au ndizi alizouza. Anayo haki ya kujua anampelekea nani.

Naomba nianze na jambo lililotokea humuhumu mkoani, wakati nchi hizi zilipokuwa zikiitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana 3 wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka, kisha kulia, kisha kucheka tena bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikawaenea wenzao. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikaonekana pia Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, na baadaye katika shule nyingine karibu na Bukoba. Wapo waliodhani hewa imetiwa sumu. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliwapima wagonjwa na kuchunguza sampuli zao katika maabara, wasipate kijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Mwaka uliofuata walichapisha taarifa yao na kueleza kwamba chanzo kilikuwa katika nafsi na si katika damu.

Mimi nalipenda somo la Kashasha kwa sababu mbili. Kwanza, madaktari wale hawakuanza kwa kusema “haya ni mawazo tu.” Walianza kwa kupima mwili, na huo hata leo ndio mlango wa kwanza wa kazi yetu. Pili, wasichana wale hawakuwa wakiigiza. Walikuwa watoto waliotengwa na makwao, katika shule yenye nidhamu kali, nchi ikiwa haijamaliza hata miezi 2 tangu ipate uhuru, na matumaini ya jamaa nzima yakiwa mabegani mwao. Wasomi waliolitazama tukio hilo baadaye wameutaja mzigo huo. Hofu isiyopata maneno hutafuta njia ya kutokea mwilini, na ikitokea, mwili huumwa kweli.

Fikirini mama anayeamka usiku moyo ukimwenda mbio, kifua kimembana, vidole vinamchonyota, akiamini kwamba anakufa. Hupimwa malaria, hupimwa presha, moyo husikilizwa, na majibu yote huwa mazuri. Wiki inayofuata hali hurudi. Huhama kituo, huanza vipimo upya, mbuzi wa kwanza huuzwa, kisha wa pili. Mwishowe jirani humwambia kwamba amerogwa, naye huanza safari nyingine yenye gharama kubwa zaidi.

Kinachotokea kinaelezeka. Ubongo umepiga mbiu ya hatari mahali pasipo na hatari. Homoni iitwayo adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga kwa kasi ili misuli ipate nguvu za kukimbia, na pumzi huwa fupifupi. Anayehema haraka bila kukimbia hutoa hewa ya kabonidayoksaidi kuliko inavyotakiwa, na kupungua kwa hewa hiyo katika damu ndiko kunakoleta kizunguzungu na kuchonyota vidole. Naye akivihisi vidole, huogopa zaidi, na akiogopa huhema zaidi. Mtaalamu aliyefundishwa hulijua gurudumu hilo, na anaweza kumfanya mgonjwa aheme haraka kwa makusudi, hapo hapo chumbani, ili ajionee mwenyewe jinsi dalili zinavyokuja na jinsi zinavyoondoka bila kumuua. Zoezi hilo lina masharti yake: halifanywi kwa mgonjwa wa pumu au wa moyo, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kutaka anayelifanya awe amesoma.

Sasa nije kwenye elimu yenyewe, maana majina huchanganywa sana.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Husoma udaktari miaka 5, hufanya kazi mwaka 1 chini ya uangalizi, kisha husomea ubingwa miaka 3. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hupita njia nyingine: shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 3, kisha shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambayo ni miaka 2. Huyu haandiki dawa; kazi yake ni kuchunguza, kupima kwa maswali yaliyothibitishwa, na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi yenye mpango. Yuko pia muuguzi aliyesomea afya ya akili, ambaye kwa wilaya kama Karagwe na Kyerwa ndiye mara nyingi anayebeba mzigo mkubwa, na yuko afisa ustawi wa jamii, anayeshughulika na familia, ulinzi wa mtoto na migogoro ya nyumbani.

Nasisitiza jambo moja ambalo hata wasomi hulisahau. Shahada ya kwanza ya saikolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa mtabibu. Aliyenayo anaijua nadharia ya hofu, lakini bado hajaketi na wagonjwa huku mkubwa wake akimsikiliza na kumsahihisha. Miezi hiyo ya kusahihishwa ndiyo inayotofautisha mtaalamu na msomaji wa vitabu. Na semina ya siku 3 yenye cheti cha rangi haifikii hata nusu ya njia.

Ujuzi wenyewe uko wapi? Nitatoa mfano wa ziwa letu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipotea, na hakuna tarafa katika mkoa huu ambayo haikuguswa na msiba ule. Kuogopa meli baada ya hapo si ugonjwa. Lakini chukulieni mtu ambaye hata leo hawezi kuliangalia ziwa, anaota maji kila usiku, na ameacha biashara iliyokuwa ikimlisha. Mshauri asiyefundishwa atamwambia, “Jikaze, muombe Mungu, usahau.” Au, kwa ujasiri wa kijinga, atamkokota hadi melini siku ya kwanza, na hofu itaongezeka maradufu.

Aliyefundishwa hupanga ngazi pamoja na mgonjwa. Huenda wakaanza kwa kuzungumza tu juu ya safari ya majini. Kisha picha. Kisha wataenda Kemondo wasimame mbali, siku nyingine gatini, siku nyingine ndani ya chombo kilichofungwa kamba. Katika kila ngazi mgonjwa hukaa hadi hofu ishuke yenyewe, bila kukimbia na bila kulewa, kwa sababu anayekimbia huondoka akiamini kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kujua ni lini umsukume mtu kidogo na ni lini umngoje, hilo halipatikani katika kitabu. (Na ikiwa chombo kimejaza abiria kupita kiasi, msipande, hofu ya namna hiyo haina haja ya tiba.)

Mtaalamu hutofautisha pia hofu na hofu. Mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani kwetu, tuliambiwa tunawe mikono, na ilikuwa sahihi. Lakini yuko anayenawa mara 40 kwa siku mpaka ngozi inapasuka, akijua kwamba mikono ni safi, asiweze kuacha. Huyo hahitaji elimu zaidi ya usafi, maana wazo ndilo linalomshurutisha. Yuko mzee ambaye tangu vita ya mwaka 1978 hushtuka kila kishindo kinaposikika, na wapo ambao tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliwaacha wakiogopa kulala ndani ya nyumba. Hao nao wana tiba yao, tofauti na ile ya mama niliyemtaja mwanzoni. Akikosea kutambua, mtabibu atatibu kwa bidii ugonjwa usiokuwapo.

Mtaniuliza: wataalamu hao mbona hatuwaoni vijijini? Ni kweli kwamba ni wachache, na sitawaficha hilo. Lakini kuna habari njema iliyothibitishwa na majirani zetu. Huko Zimbabwe, akina bibi waliofundishwa kwa uangalifu huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Katika eneo la Moshi hapa nchini, na Bungoma nchini Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa kuwahudumia watoto yatima wenye majeraha ya moyo, na matokeo ya mwaka 2020 yalitia moyo katika sehemu nyingi za majaribio hayo. Lakini kila mshauri wa namna hiyo alikuwa na msimamizi aliyemrudia kila mara na kesi zake. Kazi ya wasaidizi hawa husimama juu ya usimamizi huo, na ukiondolewa, kinachobaki ni ushauri wa kijiweni.

Kwa hiyo mtu akijitambulisha kwenu kuwa mshauri wa akili, muulizeni bila aibu: umesoma chuo gani, nani anakusimamia, tatizo langu unaliitaje, na tutakutana mara ngapi kabla ya kupima kama napata nafuu? Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mganga wa tiba asili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu. Anayeahidi kuiondoa hofu kwa siku moja muacheni aende zake. Na anayesimulia habari za wagonjwa wake wengine atasimulia na zenu.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Zipo zinazosaidia, ila nyingi huhitaji wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Tahadhari kubwa ni diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Hutuliza upesi, na kwa sababu hiyo hiyo mwili huizoea upesi. Msiinunue dukani bila cheti cha daktari, wala msiichanganye na pombe. Rubisi nayo hutuliza usiku, kisha hofu hurudi alfajiri ikiwa na nguvu zaidi.

Anayetaka msaada aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Mganga mfawidhi atapima mwili kwanza, na ikibidi ataandika rufaa kwenda hospitali: kwa upande wa Karagwe iko Nyakahanga, kwa upande wa Kyerwa iko Isingiro. Kutoka hapo iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, na juu yake Bugando, Mwanza. Chukueni na kadi ya vipimo vilivyokwisha kufanyika, ili msilipie mara mbili.

Yuko mmoja asiyepaswa kungoja siku ya kliniki. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja. Ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa kahawa na kamba, mfikisheni kituoni siku hiyo hiyo, na mmoja wa ndugu abaki naye.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali. Mwenye swali asilotaka kuliuliza mbele ya watu atanikuta ofisi ya kata baada ya mkutano, mlango ukiwa umefungwa.