Vua Ukiwa Nchi Kavu

(Mazungumzo na vijana wa Nakivale juu ya kuvua kwa ndoana. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Wengi wetu hapa kambini hatuna kazi ya kutwa, na kukaa bure kunaleta mawazo mengi. Saa mbili kando ya ziwa zinapumzisha kichwa, na jioni pengine sufuria itapata kitu. Lakini neno langu kubwa leo ni hili: vua ukiwa nchi kavu. Samaki anayekutaka uingie majini, mwache aende zake.

Sisi tuliotoka Uvira, Baraka na Kalemie tumezoea Tanganyika: maji marefu, taa za usiku, ndagala na mikebuka. Nakivale si hivyo. Maji yake ni mafupi, yana matope, na kandokando yameota mafunjo. Ujuzi wa kule peke yake hautoshi huku.

VIFAA

Huhitaji fedha nyingi. Tafuta fimbo ya mita 3 hivi, mshipi wa nailoni wa urefu huo huo, na ndoana ndogo. Kipande cha ndala iliyokatika kinafaa kuwa boya. Nati ndogo inafaa kuwa kizito. Ifunge juu ya ndoana, umbali wa kiganja kimoja.

SAMAKI NA CHAMBO

Ngege, ambaye wengi tunamwita tilapia, ana mdomo mdogo. Mpe mnyoo mdogo au donge la ugali mgumu lisilozidi punje ya hindi. Ukiweka kubwa, atalimega pembeni na kukuachia ndoana tupu. Boya likitetemeka, ngoja. Likizama au likienda upande, vuta, lakini usivute kwa hasira, utampasua mdomo.

Kambare hula chini, kwenye matope. Toa boya, acha ndoana ilale chini, na tumia minyoo mingi au utumbo wa samaki. Mshike nyuma ya kichwa kwa uangalifu, kwa kuwa mapezi yake ya pembeni yana miiba.

Yuko pia samaki mrefu kama nyoka, ambaye Waganda humwita emmamba. Ukisikia jina hilo usidhani ni mamba wetu wa meno. Huyu ni samaki, ila anapumua hewa, kwa hiyo hafi upesi akitolewa majini, na taya zake zina nguvu. Usitie kidole kinywani mwake kutafuta ndoana akiwa hai.

USALAMA

Kwanza, kiboko. Jioni anatoka majini kwenda kula majani. Usikae kwenye njia yake, wala usisimame kati yake na maji. Jua likianza kushuka, kunja mshipi urudi nyumbani.

Pili, mamba. Simama hatua kadhaa nyuma ya maji. Usirudi mahali pale pale kila siku, na usisafishe samaki ukingoni, maana damu na utumbo vinamwita.

Tatu, kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeingia ndani ya maji. Ukiona damu kwenye mkojo au kwenye choo, nenda zahanati. Dawa ipo.

Nne, mtoto asiende ziwani bila mtu mzima.

SAMAKI WADOGO NA CHANDARUA

Sheria ya Uganda inakataza kuvua ngege aliye chini ya inchi 11, yaani sentimita 28 hivi. Weka alama ya kipimo hicho kwenye fimbo yako. Tena mjue kwamba ngege jike hubeba mayai na watoto wake kinywani. Ukimvuta ukaona vitoto vinatoka mdomoni, mrudishe upesi.

Chandarua kisiende ziwani. Matundu yake yanazoa hata samaki waliozaliwa juzi, na usiku huo huo watoto wako wanalala na mbu. Sumu pia ni marufuku. Mambo ya mtumbwi na leseni, uliza kwanza kwa viongozi wa kambi na maofisa wa uvuvi.

Najua mtu atasema: "Chakula hakitoshi, na wewe unaniambia nirudishe samaki?" Ndiyo, ndugu yangu, nakuambia hivyo. Ngege wa kidole kimoja hashibishi mtu leo, na kesho hatakuwapo kuzaa. Ziwa hili wenyeji wetu walilikuta, nao wanakula humo pamoja nasi. Tukilimaliza tutagombana nao, na ugomvi ndio uliotuleta hapa.

Na wewe kijana unayeingia majini usiku kwa siri, fikiri juu ya mama yako. Alivuka mpaka akikushika mkono ili ubaki hai. Samaki mmoja hawezi kulipa hilo.

 Amani iwe nasi sote.