Mtoto wa Nyumbani Hayuko Katika Majaribio

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu na wana wa ukoo huu mliotoka pande zote za Uingereza, Marekani, Kanada na Oman, pamoja nanyi mliosafiri kutoka nyumbani Muheza: Bwana Yesu asifiwe. Kwa ndugu zetu Waislamu mlioketi pamoja nasi, asalaam aleikum.

Nashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika ibada hii ya asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya furaha na uhakika wa imani katika maisha ya kila siku. Mimi si padri. Ni karani mstaafu, na nitasema kama karani.

Waliopata kufanya kazi serikalini wanajua maana ya kipindi cha majaribio. Mtu huajiriwa, hufunguliwa faili, kisha mkuu wake humwangalia: je, anawahi kazini? Je, ni mwaminifu? Akionekana anafaa, hupewa barua ya kuthibitishwa kazini. Nilipoipata yangu mwaka 1981, nililala usingizi mzito. Kabla ya hapo, kila nilipoitwa na mkubwa moyo ulinidunda.

Nakiri mbele yenu kwamba kwa miaka mingi nilimwamini Mungu vivyo hivyo. Nilibatizwa Magila nikiwa mtoto mchanga, nikapata kipaimara, nikahudumu madhabahuni; lakini moyoni nilikuwa katika majaribio. Nilisali ili faili langu lisiharibike. Mambo yalipokwenda vizuri nilidhani Mungu ameridhika nami. Yalipoharibika nilitafuta nimekosa wapi. Imani ya namna hiyo ina bidii nyingi, lakini haina furaha.

Mwaka 1999, nikiwa na umri wa miaka 41, nilihamia London. Vyeti vyangu na miaka 19 ya utumishi havikunifaa kitu. Nilipata kazi ya kusafisha ofisi. Katika barua za nyumbani nikaandika, "Nimepata kazi ofisini." Haikuwa uongo mtupu: ofisini nilikuwamo kweli, ila nilishika ufagio. Marehemu mama akawaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mkubwa huko Ulaya. Kila aliponisifu, nilichomeka. Nikapunguza barua, kisha simu. Hata kanisani nilikaa nyuma, nikaondoka kabla ya baraka, nisije nikaulizwa ninafanya kazi gani.

Mwaka 2003 mmoja wa wapwa zangu alipata simu ya mkononi, akanipigia, akampa mama. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona umenyamaza? Tumekukosea nini?" Swali lile lilinivunja. Nikamweleza yote: ufagio, ndoo, basi la saa kumi alfajiri. Akanyamaza, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nilipokuzaa hukuwa na cheo, na tulikupokea. Leo unaniambia habari za ufagio? Umekula?"

Usiku ule nilifungua Injili ya Luka, sura ya 15, habari ya mwana mpotevu ambayo nimeisikia tangu utoto. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kijana yule, kabla ya kuianza safari ya kurudi, alitunga maneno ya kumwambia baba yake, na mwisho wa maneno hayo alikusudia kuomba kazi, awe kama mmoja wa vibarua. Alipofika alianza kuyasema, lakini ombi la kazi hakulifikia. Baba alikwisha kuagiza vazi, pete na viatu. Naye kaka yake mkubwa, aliyebaki nyumbani, alikuwa akihesabu miaka ya utumishi wake. Akakasirika, akakataa kuingia. Mmoja alitaka kuajiriwa, mwingine alijiona ameajiriwa, na baba yao alikuwa akiita wana. Nilijitambua katika wote wawili.

Kazi haikubadilika kesho yake. Nilifagia miaka mitatu mingine, ndipo nikapata ukarani katika halmashauri, ambako nilistaafu mwaka 2023. Lakini furaha ilianza ufagio ungali mkononi. Katika basi lile la alfajiri, lililojaa wasafishaji kutoka kila pembe ya dunia, niliwaombea ninyi: kila kituo jina moja. Ukoo wetu ni mrefu kuliko njia ya basi lile, kwa hiyo wengine mlingoja safari ya kurudi. Nilipofika kazini nilikuwa nimewatembelea nyumba kwa nyumba, na sikuwa mpweke tena.

Sisemi kwamba huzuni ilikoma. Mama alipofariki mwaka 2008 sikuweza kwenda kumzika, na jambo hilo linaniuma hata leo. Nililia siku nyingi. Lakini sikuuliza tena kama Mungu amenifuta katika orodha yake. Nililia kama mtoto aliaye nyumbani kwao, na uhakika ninaoujua mimi ndio huo.

Sasa nina ombi moja. Katika orodha ya mkutano huu yamo majina ambayo hayakuitikiwa. Wengine wametuma salamu kwamba nauli imekosekana. Wengine hawakujibu kabisa. Sababu za baadhi yao nazifahamu, kwa maana zinafanana na zile zilizokuwa zangu: kazi imepotea, ndoa imevunjika, karatasi za ukaazi hazijatoka, nao wanaona haya kututazama usoni. Nawasihi kila nyumba ichukue jina moja leo, impigie ndugu huyo simu kabla hatujaagana. Msianze kwa kumwuliza anafanya kazi gani. Mwulizeni kama amekula.

Mungu awabariki nyote, na awafikishe salama majumbani kwenu. Amina.