NCHI JIRANI: KENYA NA NJIA TATU ZA GREDI YA 10



Mwezi Januari 2026, wanafunzi wa kwanza waliolelewa katika mtaala mpya wa Kenya waliingia Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Kabla ya kuingia walitakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 14 au 15.

Habari hii inawahusu ninyi, ndugu askari wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi, kwa kuwa mna watoto, na kwa kuwa tangu Januari 2024 sekondari zetu nazo zimeanza kuwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali.

Mtaala wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, ulizaliwa na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981. Nia yake ilikuwa njema: kijana atoke shuleni akiwa na ujuzi mikononi. Katika utekelezaji, mtihani ukaumeza ujuzi huo. Alama ndiyo iliyomweleza kijana yeye ni nani. Aliyepata alama za juu alisukumwa kwenye udaktari hata kama akiona damu magoti humlegea, na aliyepata za chini aliambiwa ajaribu ualimu au ufundi, kana kwamba kazi hizo ni mabaki ya mezani.

Mtaala mpya unataka mwanafunzi aangaliwe kwa muda mrefu zaidi. Mtihani wa Gredi ya 9 umepewa asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 zinatokana na mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine na kazi alizopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo alama, hata zikikusanywa kwa miaka minne, husema mtoto ameweza nini. Hazisemi ana hulka gani. Binti mtulivu, mwenye subira na maneno ya wagonjwa, anaweza kuwa muuguzi wa kutegemewa, na subira hiyo haimo katika karatasi ya hisabati.

Yumo mwalimu, naam, lakini Gredi ya 7 hadi ya 9 ziliwekwa katika shule za msingi kuanzia 2023, na nyingi kati ya shule hizo hazina maabara. Mtoto ambaye hajapata kushika chupa ya kemikali anaulizwa kama sayansi inamfaa! Atajibu nini, kama si lile alilosikia kwa baba au kwa rafiki yake? Juu ya hayo, Serikali ya Kenya imeeleza kuwa ingependa wanafunzi wapatao asilimia 60 wafuate sayansi. Taifa lina haki ya kuhesabu mahitaji yake. Hatari ni pale hesabu ya taifa inapomfikia mwalimu mkuu wa wilayani ikiwa imegeuka amri ya kujaza viti.

Katika jambo hili majeshi yana uzoefu ambao shule hazina. Afande aliyekaa na makuruta miezi michache hujua yupi ana macho ya lindo la usiku, yupi husikia injini mbovu akajua ilipoumia, na yupi apelekwe mawasiliano kwa sababu hababaiki. Amewaona wakiwa wamechoka, wana njaa, na hawana habari kama wanatazamwa. Lakini ni afande huyo huyo ambaye, arudipo kota, humwamuru mwanawe avae magwanda kama yeye, au asome sheria kwa vile yeye hakuisoma.

Mtoto wa kidato cha nne atajaza fomu ya kuchagua tahasusi au chuo, na pengine baba atakuwa lindoni. Ni vema kabla ya siku hiyo mzazi atazame mtoto hufanya nini bila kutumwa, kisha amwulize, na amwache ajibu.

Kundi la kwanza la Kenya litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na wakati huo itajulikana ni wangapi waliobaki katika njia walizozichagua.