Nyuzi za Gitaa na Mkono Uliosingiziwa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya muziki shuleni. Kazi yangu ni ya mafaili, wala sidai kuwa mwanamuziki. Lakini gitaa nilijifunzia hapa, na hapa hapa nililivunja. Leo nataka kueleza nililivunjaje, maana adhabu yake alipewa mtu mwingine.

Wenzangu mtakumbuka kuwa klabu yetu ilikuwa na gitaa kavu moja, lile lisilotumia umeme. Lilikuwa la nyuzi za nailoni. Nilipokuwa kidato cha tatu nyuzi mbili zilikatika, na mimi ndiye niliyekuwa mtunza vyombo. Nikaenda mjini na fedha za klabu, nikakuta nyuzi za chuma tu. Sikuuliza kitu. Gitaa ni gitaa, nilisema moyoni. Tena mlio wa chuma ni mkali, utasikika bwalo zima.

Nikazifunga zote sita usiku ule bwenini. Siku ya kwanza nilisifiwa. Siku ya pili sauti zilikuwa zimeshuka, nikakaza. Siku ya tatu zikashuka tena, nikakaza tena. Nyuzi zikainuka mbali na shingo, vidole vikaota malengelenge, na kila mkono ulipopanda shingoni sauti zilipotoka. Nikajifariji kwamba nyuzi mpya hujinyoosha. Ni kweli hujinyoosha kwa siku chache za mwanzo, lakini safari hii kilichokuwa kikivutika ni mbao zenyewe.

Jumamosi moja kijana wa kidato cha kwanza akalichukua gitaa kufanya mazoezi. Daraja, yaani kile kibao kinachoshika nyuzi kifuani mwa gitaa, likang'oka kwa kishindo. Akaambiwa ana mkono mzito. Alifyeka majani wiki mbili, akatolewa klabuni. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza.

Sababu ya ajali ile niliielewa baadaye, Chuo Kikuu, katika somo la fizikia. Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na nguvu inayouvuta. Mfaransa Marin Mersenne aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1636. Uzi mzito ukitakiwa utoe sauti ile ile kwa urefu ule ule, sharti uvutwe zaidi. Nyuzi sita za nailoni zikishatyuniwa huvuta daraja kwa nguvu ya yapata kilo 40. Nyuzi za chuma, hata zile zinazoitwa nyepesi, huweza kuvuta zaidi ya kilo 70. Gitaa la nailoni limejengwa kwa ubao mwembamba na mihimili myepesi ndani yake. Mzigo huo si wake.

Hata mwenye gitaa la nyuzi za chuma ana la kuchagua. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, huuzwa kwa unene wa 10, 11, 12 au 13, yaani sehemu za elfu za inchi. Kati ya 10 na 12 jicho haliioni tofauti, lakini nguvu ya mvuto huongezeka kwa asilimia 44. Uzi mwembamba hubonyezeka kwa urahisi, kwa hiyo humfaa anayeanza. Lakini ukiubonyeza kwa nguvu mno au ukiusukuma kando, sauti yake hupanda upesi, na mlio wake ni mdogo. Uzi mnene hutoa mlio mkubwa na sauti yake haiyumbi ovyo, ila unataka vidole vilivyokomaa na gitaa imara. Hakuna uzi ulio bora kwa watu wote. Upo unaolingana na chombo na mkono wa mpigaji.

Vijana, shikeni haya. Kabla ya kununua, tazameni daraja la gitaa lenu. Nyuzi za nailoni kwa kawaida hufungwa fundo darajani. Za chuma mara nyingi hushikwa na vigingi vidogo vilivyochomekwa humo. Kisha, msing'ang'anie nyuzi kuukuu. Uzi ulioliwa na kutu na jasho uzito wake haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho, na hautyuniki sawasawa hata ukiwa na programu nzuri ya kutyuni katika simu. Jaribuni hivi: gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12 cha shingoni, upige, kisha ubonyeze hapo hapo, upige tena. Sauti hizo mbili zikitofautiana, badilini nyuzi kwanza. Zikiendelea kutofautiana, mpelekeeni fundi.

Ndugu Mwenyekiti, yule kijana wa kidato cha kwanza tunaye ukumbini humu. Leo ni mtu mzima mwenye watoto. Jana usiku nilimwita pembeni nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, miaka yote hii nilijua mkono wangu ni mzito. Sijagusa gitaa tena." Nikamwomba ruhusa niseme mbele yenu, akanipa.

Basi nasema mbele yenu na mbele ya walimu: mkono wake haukuwa mzito. Gitaa lilikuwa zima, na nyuzi nazo zilikuwa nzuri. Aliyezikutanisha bila kuuliza ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

Nimemkabidhi Mwalimu Mkuu gitaa moja la nailoni, pamoja na seti tatu za nyuzi zinazolifaa. Ombi langu ni moja tu: wa kwanza kulipiga leo jioni awe ndugu yangu huyu, kama atakubali.