Nondo wa Mchana

Tusome Yoane 9:1-3.

Wanafunzi walipomwona kipofu, waliuliza kwanza ni nani aliyetenda dhambi. Sisi hapa Ubundu tuliuliza vilevile. Katika bustani ya matembele ya dada mmoja, nondo walitokea mchana kweupe: mwili wa mistari myekundu na bluu inayong'aa, mabawa meusi yenye madoa ya njano. Tulizoea nondo wa usiku, wa kwenye taa. Basi tukasema: hawa wametumwa. Macho yetu yakamwendea mtoto yatima anayelala katika nyumba ile. Tukamfungisha siku 2, tukikemea, wala hatukufunua hata jani moja.

Siku ya tatu mama mmoja mkulima akafunua. Chini kulikuwa viwavi, wanakula matembele. Kumbe wako nondo wanaoruka juani, na rangi zao zinaonya ndege: usinile, mimi ni mchungu. (Hata mbinzo tunaonunua sokoni ni watoto wa nondo, na pale hakuna anayekemea!)

Yesu hakumtafuta mwenye kosa. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya ulinzi wa mtoto, inakataza kumwita mtoto ndoki. Tulijua yote mawili.

Tulimwendea mtoto, sisi wachungaji na wazee, tukapiga magoti kuomba msamaha. Hakusema neno juu ya hilo. Aliuliza tu kama sasa anaweza kula.