Lugha Iliyotungwa Mezani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Tuliombwa tuzungumze juu ya lugha za kutungwa, yaani lugha zisizorithiwa kwa mababu, bali zilizobuniwa na mtu mmoja kwa kalamu na karatasi. Twajua ya kuwa wako kati yenu wanaoona jambo hili ni mchezo wa wasio na kazi. Hatuwalaumu. Lakini ndani ya habari hii mna swali linalokigusa kila chama chenye kiingilio na daftari: kitu kilichoanzishwa na mtu mmoja huwa mali ya nani, aliyekianzisha au wale wanaokitunza?

Tuanze na lugha iliyoshindwa. Mwaka 1879 padre mmoja Mkatoliki wa Baden, katika Ujerumani, jina lake Johann Martin Schleyer, alitangaza lugha aliyoiita Volapük. Ilienea upesi ajabu. Vyama vikaundwa katika miji mingi, magazeti yakapigwa chapa, na katika mkutano mkuu uliofanywa Paris mwaka 1889 wajumbe walijadiliana kwa Volapük yenyewe. Lakini wengi walikwisha anza kuomba sarufi yake irahisishwe, na Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa mkuu wa baraza la lugha hiyo, alikuwa upande wao. Schleyer akakataa. Alidai ya kuwa lugha ni yake, na neno la mwisho ni lake. Basi wakagawanyika, kila fundi akatoka na lugha yake mkononi, na baada ya miaka michache vyama vile vikafifia. Chama cha Nuremberg kilikuwa kimekwisha kuiacha Volapük na kuhamia lugha nyingine, changa zaidi.

Lugha hiyo ndiyo Kiesperanto. Mtungaji wake, L. L. Zamenhof, alikuwa daktari wa macho, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1859 huko Bialystok, mji ambao Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi walikaa pamoja pasipo kuaminiana. Mwaka 1887 alitoa kijitabu huko Warsaw, kwa jina la Daktari Esperanto, maana yake mwenye kutumaini. Ndani yake mlikuwa na kanuni 16 za sarufi na mizizi ya maneno ipatayo 900. Mlikuwa pia na tamko lake kwamba anaziacha haki zote juu ya lugha hiyo, nayo iwe mali ya watu wote.

Makarani watapenda kujua kazi yake ilivyo. Sisi kwa neno *soma* twapata msomaji, somo, na kisomo. Wao kwa *lerni*, yaani kujifunza, hupata *lernanto*, mwanafunzi, na *lernejo*, shule, kwa kuwa *ej* huonyesha mahali. Weka *mal* mbele ya *bona*, yaani jema, utapata *malbona*, baya. Kila jina la kitu huishia kwa *o* na kila neno la sifa kwa *a*, wala hakuna hata moja likaidilo. Hata hivyo tuseme kweli: mizizi mingi ni ya lugha za Ulaya, hivyo Mfaransa aanzapo safari amekwisha fika nusu ya njia, na sisi tungali mlangoni. Wale waisifuo lugha hii kwamba haimpendelei mtu hulipita jambo hilo mbio mno.

Katika kijitabu kile Zamenhof aliweka vikaratasi vya ahadi, mtu atie sahihi kwamba atajifunza iwapo watu milioni kumi wataahidi vile vile. Milioni kumi hawakutokea. Zamenhof hakuwangoja, mwaka 1889 alipiga chapa daftari la majina 1,000 pamoja na anwani zao, ili waandikiane barua. Kwa maoni yetu daftari lile lilifanya kazi kubwa kuliko kanuni zote 16.

Mwaka 1894 yeye mwenyewe alileta mbele ya wasomaji wa gazeti lao mashauri ya kuigeuza lugha. Wakapiga kura, na wengi wakakataa, naye akakubali. Mwaka 1905 watu 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wakazungumza pasipo mkalimani. Mwaka 1907 wengine walijitenga wakiwa na Ido, lugha iliyotengenezwa upya kutoka ile ile, ambayo wajuzi kadhaa waliiona bora zaidi. Lakini wengi walibaki na ile waliyokwisha zoea kuandikiana. Mwaka uliofuata kijana wa Uswisi, Hector Hodler, alianzisha Chama cha Ulimwengu chenye wajumbe mijini, na wakati wa vita ya 1914 hata 1918 ofisi yake huko Geneva ilipitisha barua za jamaa waliotenganishwa na mipaka ya adui.

Kazi hiyo iliwagharimu watu. Katika Urusi ya Stalin, miaka ya 1937 na 1938, Waesperanto wengi walikamatwa, na wengine wakauawa. Watoto watatu wa Zamenhof waliuawa na Wanazi kwa kuwa Wayahudi: Adam alipigwa risasi mwaka 1940, na Sofia na Lidia waliangamia Treblinka mwaka 1942. Lugha haikufa pamoja nao. Leo wako hata watu walioipata nyumbani kwa wazazi wao tangu utoto.

Agosti 2024 mkutano wao mkuu wa 109 ulifanywa Arusha, mara ya kwanza katika Afrika.

Mwanachama mmoja ameuliza kama Chama kitoe fedha za darasa la Kiesperanto. Sisi twasema hapana; kiingilio chenu kina kazi nyingine zilizokwisha pitishwa. Bali atakaye kujifunza baada ya saa za kazi ampe Mwandishi jina na anwani yake. Wakipatikana sita, tutatafuta kitabu.